Namba kubwa kwenye boksi isikudanganye: Jinsi ya kuchagua mashine ya betri ya kufungulia nati za gari

- Kwa magari mengi madogo ya Dar es Salaam, mashine ya nusu inchi yenye nguvu halisi ya kufungua ya kati ya 400 na 600 Nm inatosha.
- Maandishi kama "88VF" au "388VF" kwenye betri si volti.
- Mashine ni ya kufungua. Kukaza kwa mwisho kunahitaji spana ya kupimia nguvu.

Dar es Salaam. Ukitoka Kimara Korogwe mpaka Mbezi Mwisho, pembezoni mwa Barabara ya Morogoro na kwenye mitaa ya ndani, gereji ndogo zinafanana kwa jambo moja: kazi nyingi huanza kwa kufungua tairi.

Iwe ni breki, shokapu, beringi, bol joint au pancha, fundi lazima apambane na nati kwanza. Toyota IST nyingi zina nati nne kila tairi, jumla 16. Noah ina tano, jumla 20. Fundi akipokea Noah tano kwa siku na kufungua matairi yote, hizo ni nati 100 za kufungua na nyingine 100 za kurudisha.

Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na spana ya tairi, bomba la chuma la kuongezea urefu na uzito wa fundi mwenyewe. Wenye mtaji kidogo walinunua kompresa na mashine ya upepo, ambayo nayo inategemea umeme wa TANESCO au jenereta, na haiendi mbali zaidi ya mpira wake.

Mashine ya betri imeleta unafuu. Inaingia kwenye begi, inapanda bodaboda, na fundi anaweza kumfuata mteja aliyekwama Kibamba bila kubeba gereji nzima.

Tatizo linaanza dukani. Mashine zinafanana kwa sura, bei zimeachana mbali, na kila boksi lina namba kubwa kuliko la jirani yake. Ukiingia kichwa kichwa, unaweza kutoa mtaji wa miezi kadhaa ukarudi na kitu kinachonguruma tu huku nati imetulia.

Hakikisha ni mashine yenyewe

Kwenye boksi tafuta maneno "impact wrench". Hii ina kichwa cha mraba cha kuvalisha soketi.

Usiichanganye na "impact driver", ambayo ina tundu la pembe sita kwa ajili ya biti za skrubu. Hiyo inawafaa zaidi mafundi seremala na wa mabati. Ukiivalisha kiunganishi itashika soketi, lakini kwenye nati ya tairi iliyokaza itakuangusha.

Wala si sawa na drili. Drili inazungusha tu, ndiyo maana ikikwama inakupinda mkono. Ndani ya mashine ya nati kuna kitu kama nyundo kinachozunguka na kugonga fuawe mara nyingi kwa dakika. Nati inapokea mapigo ya haraka haraka, na mkono wa fundi hausukumwi sana. Mapigo hayo ndiyo yanayoachisha kutu.

Unahitaji nguvu kiasi gani?

Nguvu ya kuzungusha nati hupimwa kwa nyutoni mita, kifupi Nm. Ili uipate picha, chukua fundi wa kilo 70 anayesimama kwa uzito wake wote mwishoni mwa spana yenye urefu wa sentimita 40. Anatoa takriban 275 Nm. Akiongeza bomba mpaka spana ifike sentimita 80, anapata kama 550 Nm.

Sasa linganisha na nati. Toyota nyingi ndogo na za kati hutakiwa kukazwa kwa 103 Nm. Nissan na Honda nyingi nazo hazitofautiani sana na hapo.

Kwa hesabu hiyo, nati iliyofungwa vizuri haihitaji maajabu. Zinazotesa ni zile zilizoshika kutu, au zilizokazwa kupita kiasi na fundi aliyetangulia. Hizo zinaweza kudai mara tatu, nne, au zaidi ya nguvu iliyotumika kuzifunga.

Kwenye boksi kuna namba mbili ambazo wauzaji wengi hawazitenganishi. Moja ni nguvu ya kufunga, nyingine ni nguvu ya kuachisha nati iliyokaza. Ya pili huwa kubwa zaidi, na ndiyo inayotajwa kwa sauti.

Makita DTW300, kwa mfano, ina 330 Nm za kufunga na 580 Nm za kuachisha nati. Kaka yake mkubwa, DTW1002, ina 1,000 Nm za kufunga na 1,600 Nm za kuachisha. Mtu akikwambia "hii ni 1,600" na mwingine akakwambia "hii ni 1,000", inawezekana wanazungumzia mashine ileile.

Kabla hujalinganisha bei, uliza: hiyo namba ni ya kufunga au ya kufungua?

Chagua kwa kazi unayoifanya kila siku

Kosa la kawaida ni kununua mashine kwa ajili ya kazi ngumu inayokuja mara moja kwa mwezi. Mashine kubwa ni nzito, ni ndefu, inakula betri na haiingii kwenye kona za chini ya gari. DTW300 ina urefu wa sentimita 14.4 na haifiki kilo 2. DTW1002 inapita sentimita 22 na kilo 3. Tofauti hiyo utaisikia begani ifikapo saa 10:00 jioni.

Mgawanyo huu utakusaidia:

- IST, Vitz, Passo, Raum, Noah na wenzao: kichwa cha nusu inchi, nguvu halisi ya kufungua ya 400 hadi 600 Nm. Inatosha kwa tairi, breki na bolti nyingi za shokapu.
- Prado, Land Cruiser, Hiace na pikapu: nusu inchi, 700 hadi 1,000 Nm. Bolti za miguu ya gari hizi ni nene na hukaa kwenye matope na vumbi muda mrefu.
- Fuso, malori na mabasi: hapa nusu inchi si mahali pake. Nati za malori makubwa hukazwa kwa takriban 600 Nm, hivyo kuzifungua kunahitaji zaidi. Kazi hii ni ya kichwa cha robo tatu au inchi moja.
- Kazi za juu ya injini: mashine ndogo ya robo tatu ya nusu inchi, yaani 3/8, au mkono wako. Mashine yenye nguvu haina ruhusa kwenye plagi, bolti ya kumwagia oili, wala bolti za silinda hedi. Aluminiamu haisamehi.

Kama gereji yako inapokea IST tisa na Land Cruiser moja, nunua mashine ya IST. Hiyo Land Cruiser ikigoma, bomba bado lipo.

"388VF" ni nini hasa?

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa.

Sokoni zipo mashine zisizo na jina linaloeleweka, betri zake zimebandikwa 48V, 88VF, 128VF, mpaka 388VF. Mnunuzi anaona Makita imeandikwa 18V pembeni, anaamini hii nyingine ina nguvu mara 20.

VF si kipimo cha umeme kinachotambulika popote. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Betri ya mkononi yenye volti 388 kweli ingekuwa hatari kuishika.

Ukweli uko ndani ya betri. Seli moja ya lithiamu ya aina hii ina volti 3.6 za kawaida, na ikijaa chaji inafika 4.2. Ukipanga tano mfululizo unapata volti 18 za kawaida, au 21 ikiwa imejaa. Kwa hiyo 18V, 20V na 21V zinazoandikwa na kampuni mbalimbali ni kitu kimoja kilichopimwa kwa nyakati mbili.

Njia rahisi ya kumkamata muongo: geuza chaja usome upande wa chini palipoandikwa "output". Kwa nyingi ya hizo zenye namba za ajabu utakuta 21V. Chaja haiwezi kujaza betri ya volti 88 kwa volti 21.

Pima betri kwenye mizani

Kitu cha pili kinachodanganywa ni ujazo wa betri, unaoandikwa kwa Ah, yaani amperi-saa. Huo ndio unaoamua utafungua magari mangapi kabla ya kurudi kwenye chaja.

Betri nyingi za mashine hizi hutumia seli za duara zinazoitwa 18650. Seli nzuri ya aina hii inayofaa kwa mashine ina kati ya Ah 2 na 3. Betri yenye seli tano hubaki humo humo. Yenye seli 10, safu mbili za tano tano, inafika Ah 4 mpaka 6. Betri ndogo ya safu moja iliyoandikwa 15Ah ni hadithi.

Huna haja ya kuifungua ili ujue. Seli moja ina uzito wa takriban gramu 45 hadi 50. Seli 10 peke yake ni karibu nusu kilo, bado hujaweka plastiki na saketi. Omba mizani ya duka la jirani. Kama betri imeandikwa 6Ah na uzito wake wote ni gramu 350, ndani kuna seli tano.

Hili linagusa nguvu pia. Mashine ikigonga nati ngumu inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na seli tano dhaifu haziwezi kuutoa. Ndiyo maana mashine iliyoandikwa 1,000 Nm inaweza kushindwa na nati ya Noah, si kwa sababu ya mota bali betri.

Angalia ukoo wa betri

Betri za kampuni moja mara nyingi haziingii kwenye mashine za kampuni nyingine. Hata ndani ya kampuni moja kuna koo tofauti: betri ya Makita ya volti 40 haiingii kwenye mashine ya Makita ya volti 18.

Kama tayari una drili au grainda ya betri, anza na ukoo huohuo. Unaweza kununua mashine tupu, bila betri wala chaja, ukaokoa sehemu kubwa ya bei.

Kama unaanza mwanzo, uliza swali hili kabla ya lolote: betri ya ziada inauzwa wapi, na peke yake ni bei gani? Betri itachoka kabla ya mashine. Kama haipatikani Kariakoo wala kwa wakala, siku ikifa mashine nayo imekufa.

Kuhusu mtumba wa Japani, mashine nyingi ni imara, lakini soma chaja. Umeme wa Japani ni volti 100. Chaja iliyotengenezwa kwa soko hilo ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani ya volti 230, unaiunguza. Tafuta chaja ya volti 220 hadi 240 ya ukoo huohuo, au tumia transfoma ya kushusha umeme.

Yenye kaboni au isiyo na kaboni?

Mota za zamani zina kaboni mbili zinazosugua na kuisha. Mpya nyingi hazina, na kwenye boksi huandikwa "brushless".

Isiyo na kaboni hutumia betri vizuri zaidi, hupata joto kidogo na hudumu zaidi kwa kazi za kila siku. Lakini inaendeshwa na saketi ya kielektroniki, na saketi ikiungua mara nyingi unabadilisha kipande kizima.

Yenye kaboni ni nzito kwa nguvu ileile na inakula betri haraka, ila kaboni ni kipuri cha bei ndogo na fundi yeyote wa mota anaibadilisha. Kwa anayefungua tairi mara moja moja nyumbani, inatosha. Kwa gereji, isiyo na kaboni inalipa.

Soketi zinazong'aa ziache nyumbani

Soketi za kawaida zinazong'aa ni za mkono. Chuma chake ni kigumu lakini hakipendi kugongwa, kinaweza kupasuka na vipande vikaruka usoni.

Soketi za mashine huwa nyeusi na nene. Kwa magari ya Dar anza na namba tatu: 21 kwa Toyota nyingi na Nissan, 19 kwa Honda, Suzuki na Subaru, na 17 kwa baadhi ya nati za rimu za spoti na bolti nyingine za chini ya gari. Kwa rimu za spoti chukua soketi nyembamba yenye gamba la plastiki ili usichubue tundu.

Miwani ya kukinga macho si ya mafundi wa kiwandani tu. Na kwa kuwa mashine inatikisa gari, weka stendi. Usiiachie jeki peke yake.

Kufunga ndiko kunakoleta kesi

Mashine yenye 330 Nm za kufunga ina uwezo wa kukaza nati ya Toyota zaidi ya mara tatu ya inavyotakiwa, tena ndani ya sekunde chache. Fundi hasikii tofauti. Kwake mlio ni uleule.

Lakini stadi, zile bolti zilizotokeza kwenye habu, zinavutika. Zikivutika hupoteza nguvu, na siku moja hukatika. Diski ya breki nayo ikibanwa bila uwiano inaweza kuyumba, dereva akaanza kusikia usukani unatetemeka akikanyaga breki.

Kuna madhara mengine ambayo fundi hayaoni kwa sababu hayatokei gereji. Dereva anapata pancha saa 3:00 usiku kati ya Kibaha na Mlandizi, anatoa kile kispana kidogo kilichokuja na gari, na nati haisogei hata chembe.

Kukaza kidogo nako ni hatari. Nati zilizolegea hutanua matundu ya rimu, na tairi linaweza kuchomoka gari likiwa kwenye mwendo.

Utaratibu salama ni huu:

1. Anza kila nati kwa vidole, angalau mizunguko mitatu. Ikigoma, simama. Toyota na Honda nyingi hutumia meno ya 1.5, huku Nissan, Subaru na Suzuki nyingi zikitumia 1.25. Nati za gari moja ukizilazimisha kwenye jingine zinakula meno.
2. Sogeza kwa mashine ikiwa kwenye kasi ya chini kabisa, kisha iache nati inapogusa rimu.
3. Shusha gari, kaza kwa spana ya kupimia nguvu kwa mtindo wa nyota, ukiruka kutoka nati moja hadi ya upande wa pili. Tumia namba iliyo kwenye kitabu cha gari.
4. Usipake oili wala grisi kwenye meno ya stadi. Nati ikiteleza, inakaza kuliko spana inavyoonyesha.
5. Mwambie mteja arudi au akaguliwe baada ya kilomita 50 hadi 100.

Nati maalumu za kuzuia wizi wa matairi zifunguliwe kwa mkono. Ufunguo wake ni mwembamba, mashine inaupasua, na hapo mteja atakuwa na tairi lisilofunguka.

Kabla hujatoa hela

Omba mashine iwashwe. Sikiliza kama inazunguka mbele na nyuma bila kukwaruza. Jaribu kitufe: kasi iongezeke kadiri unavyobonyeza. Angalia kama ina hatua za nguvu, tatu au zaidi. Baadhi zina mpangilio wa kusimama zenyewe nati inapolegea, unaozuia nati kurukia mtaroni.

Kama duka liko tayari, nenda na gari au rimu iliyofungwa. Nati moja iliyokaza itakuambia mengi kuliko stika zote.

Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa na uandikiwe muda wa dhamana. Bidhaa yenye nembo ya kampuni kubwa inayouzwa kwa bei chee kupita kiasi, isiyo na namba ya utambulisho au yenye jina lililokosewa herufi, ina dalili zote za feki. Malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC).

Ukishaipata, itunze betri. Usiichaji ikiwa ya moto kutoka kazini, usiiache juani wala ndani ya gari lililofungwa vioo, na usiilaze wiki nzima ikiwa tupu. Joto la Dar linachosha lithiamu haraka.

Na kama bajeti ni finyu, usiimalize yote kwenye mashine kubwa. Kwa fundi wa magari madogo, mashine ya kati yenye betri mbili halisi, soketi tatu nyeusi na spana ya kupimia nguvu vitafanya kazi zaidi ya mashine ya 1,000 Nm yenye betri moja. Ukikosa vyote kwa mpigo, bomba lako la zamani bado linafungua nati. Spana ya kupimia nguvu ndiyo ya kununua kwanza.